Kilo Ishirini za Maji, Kilo Ishirini za Chuma

Jumamosi moja kwa kinyozi ninakonyolewa, Kondele hapa Kisumu, siasa ilikatizwa na video. Kijana aliyekuwa akingoja zamu yake alikuwa anatazama kwenye simu jamaa aliyevua shati, ameshika mitungi miwili ya manjano, anaipandisha na kuishusha. "Omera, hii ni ya watu wasio na pesa ya jimu," akasema. "Maji ni ya kuoga. Hayajengi kifua."

Kinyozi akazima mashine, na kinyozi akizima mashine ujue ana la kusema. Yeye alikulia Nyalenda, akaanza tizi kwa simiti iliyomiminwa ndani ya mikebe ya rangi, na mikono yake ilikuwa pale mbele yetu kama ushahidi. Wakarushiana maneno. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa amekaa kando na gazeti lake, akauliza kwa upole: "Sasa wanangu, mama yangu alibeba maji kutoka ziwani miaka arobaini. Mbona hakuwa na kifua kama cha huyo wa kwenye simu?" Pakawa kimya. Nikatoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine.

Ukiyapekua mabishano yale unakuta maswali matatu yaliyovaa shati moja. Je, kitu cha nyumbani kinaweza kujenga misuli kama chuma cha dukani? Kama kinaweza, kinafika wapi kabla ya kushindwa? Na la yule mzee, ambalo ndilo gumu: kama mzigo ni mzigo, kwa nini anayebeba kila siku haonekani kama anayefanya mazoezi?

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Mazoezi ya nguvu ni harakati yoyote inayoulazimisha msuli kusukuma au kuvuta kitu kinachoukatalia. Hicho kitu tukiite mzigo, na kinaweza kuwa chuma, maji, raba au mwili wako mwenyewe. Kupandisha na kushusha mara moja ni rudio moja. Marudio kadhaa mfululizo, kabla hujapumzika, ni seti. Neno la mwisho nitalitumia sana kwa hiyo nalitengenezea jina: ukingo. Ukingo ni pale ambapo umebakiza marudio mawili au matatu tu kabla mkono haujagoma kabisa. Unautambua kwa sababu mwendo unapungua kasi wenyewe, hata ukijitahidi, kama mkokoteni unaopanda kilima.

Sasa tuangalie kilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hilo halikutokea kwa bahati: Wafaransa walipounda vipimo hivi mwishoni mwa karne ya 18, kilo waliitoa kwenye lita ya maji. Maana yake ni kwamba kila mtungi ulio nyumbani kwako ni jiwe la mizani. Wa lita 5 ni kilo 5, wa lita 10 ni kilo 10, na ule wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 ukiongeza kama kilo moja ya plastiki yenyewe. Pakiti ya unga ni kilo 2. Mchanga mkavu ni mzito kuliko maji, karibu kilo moja na nusu kwa kila lita, na ukilowa unazidi hapo. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 uliojaa mchanga unapita kilo 30, na ni vizuri ujue hilo kabla hujauinamia kwa mazoea ya ule wa maji.

Mtungi wa gesi huwachanganya wengi. Ule unaoitwa wa kilo 6 hauna uzito wa kilo 6. Hizo ni kilo za gesi iliyo ndani. Chuma chenyewe kina uzito wake, ambao huandikwa kwenye mwili wa mtungi, na ukijumlisha, jumla hukaribia kuwa maradufu ya namba unayoitaja dukani. Wa kilo 13 vilevile. Nimeona vijana wakiurusha wa kilo 6 huku na huku kama mpira. Mtungi wenye gesi una valvu juu yake, na valvu haikutengenezwa kuangushwa sakafuni. Uache jikoni.

Gorogoro nalo, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, sitaliingiza kwenye hesabu. Muuzaji na mnunuzi hugombania kilele chake kila siku ya soko, sembuse mimi.

Msuli wenyewe hauna macho. Hauoni kama kilo 10 zimepakwa rangi nyeusi na kupigwa chapa ya kampuni au zimefungwa kwa kifuniko cha mafuta ya kupikia. Unachohisi ni mvuto, muda wa mvuto huo, na jinsi ulivyokaribia ukingo. Kwenye hoja hii kinyozi alikuwa sahihi na kijana alikosea.

Lakini kijana angeweza kujibu, na lingekuwa jibu zuri: "Sawa, lakini kilo 10 ni kidogo. Wale wa jimu wananyanyua 60." Hapa kuna jambo ambalo wanaouza vyuma hawalitangazi sana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10 walilofanya na vijana wa kiume. Kwanza walipima uzito mkubwa kabisa ambao kila mguu ungeweza kuunyanyua mara moja. Kisha wakaipa miguu kazi tofauti: mmoja unafanya seti tatu kwa asilimia 80 ya uzito huo, mwingine seti tatu kwa asilimia 30 tu. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila seti iendelee mpaka mguu ukatae. Mwishoni misuli ilikuwa imenenepa kwa kiasi kinachokaribiana. Mzigo mwepesi ulihitaji marudio mengi zaidi, basi. Tafiti nyingine zilizofuata zimeelekea hukohuko.

Tofauti ilijitokeza kwenye nguvu za juu kabisa, yaani uzito mkubwa unaoweza kuunyanyua mara moja. Hapo miguu iliyonyanyua vizito iliishinda ile mingine. Ni kama kujifunza kuendesha trela: unaweza kuwa dereva hodari wa matatu, lakini trela utaijua ukiwa ndani ya trela. Kwa hiyo ukitaka kushindana kunyanyua vizito, tafuta vizito. Ukitaka mikono yenye umbo, mgongo usiouma na magoti yatakayokupandisha ngazi ukiwa na miaka 70, mtungi una kazi ya kukufanyia, alimradi uufikishe kwenye ukingo. Wengi wanaolalamika kwamba mtungi "haufanyi kazi" wanaacha kwenye rudio la 15 kwa sababu 15 ni namba nzuri. Ukiwauliza wangeweza kufika 35.

Nirudi kwa mama yake yule mzee, kwa sababu swali hilo lina historia ya heshima na linatuhusu moja kwa moja huku kwetu. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na kundi la wanasayansi akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy. Walipima pumzi za wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso, wakitembea na mizigo. Matokeo yaliwashangaza. Mwanamke angeweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 hivi ya uzito wa mwili wake bila mwili kutumia nishati zaidi ya ile anayotumia akitembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60 na kilo 12 kichwani, na mapafu yake hayana habari! Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza sababu: wanawake hao hutembea kama timazi inayobembea, hatua moja ikiirithisha nyingine mwendo wake, na sehemu inayopotea njiani ni ndogo kuliko kwa watu wengine. Watafiti wa baadaye waliopima wanawake Afrika Kusini hawakupata wepesi huo kwa kila mtu, kwa hiyo tusiufanye kuwa sheria ya damu. Lakini somo lake linamjibu mzee.

Mwili ni bahili. Ukiupa kazi ileile kila siku, mtungi uleule, kata ileile kichwani, njia ileile kutoka ziwani, utatafuta namna ya kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko zote, na ukishaipata hauna sababu ya kujenga zaidi. Mama alipoanza akiwa msichana alijengeka kweli: shingo, mgongo, nyonga. Akafika kiwango cha mtungi, akabaki hapo, kwa sababu mtungi haukuongezeka. Anayefanya mazoezi anaharibu makubaliano hayo kwa makusudi. Mwili ukishazoea kilo 10, anauletea 11. Ukizoea marudio 12, anadai 15. Kama kuna kanuni moja katika jambo hili lote ni hiyo ya kuongeza kidogo kidogo, na haijali umeongeza kwa chuma au kwa kikombe cha maji.

Nisieleweke vibaya: kazi ya mama si bure. Kutembea na mzigo kunasaidia moyo na mifupa, na ningependa kumwona kijana wa video akipandisha huo mtungi wake kutoka Dunga, ufukweni mwa ziwa, mpaka nyumbani. Lakini kazi inatafuta kumaliza bila kuchoka, na zoezi linatafuta uchovu wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi ngumu mwaka mzima na bado akahitaji nusu saa ya zoezi kwa misuli ambayo kazi yake haiigusi.

Kwenye suala hili la kuongeza, mtungi unashinda chuma, na sijawahi kusikia mtu akiutetea kwa hoja hiyo. Dambeli nyingi za dukani zina uzito usiobadilika: una ya kilo 5, inayofuata ni ya 7 na nusu. Hiyo ni kuongeza nusu ya mzigo kwa siku moja, na bega halipendi. Mtungi wa lita 10 wenye lita 5 ndani unaongeza nusu lita, na sasa una kilo 5 na nusu. Wiki ijayo nusu nyingine. Chora mistari kwa kalamu ya wino mzito upande wa nje, kila lita mstari wake, na umepata kifaa ambacho dukani kingeuzwa ghali.

Ila mtungi usiojaa una tabia zake. Maji yanacheza. Unapoupandisha, maji yanakimbilia nyuma. Unapousimamisha, yanakuja mbele, na kiganja kinahangaika kuyafuata. Wengine hupenda usumbufu huo kwa kuwa unaamsha misuli midogo ya kushikilia mwili. Mimi naona ni mzuri kwa kutembea na mtungi mkononi, na mbaya kwa kuunyanyua juu ya kichwa. Juu ya kichwa tumia mchanga, au mtungi mdogo uliojaa hadi mdomoni.

Kuna pia hatari ambayo kilo haziisemi. Mitungi mingi tuliyo nayo majumbani ilizaliwa kubeba mafuta ya kupikia, ikafa, ikafufuka ikiwa ya maji. Mpini wake ulitengenezwa kwa safari chache. Wangu, wa lita 10, ulikatika Februari nikiwa kwenye veranda ya ghorofa ya tatu kule Migosi, mkono ukiwa usawa wa bega. Ulianza kwa mlio mdogo, kama kuvunja ukucha, kisha nikabaki nimeshika kipande cha plastiki cha manjano huku maji yakiteremka ngazi kwa adabu zote mpaka kwenye nguo za jirani wa chini, ambazo zilikuwa tayari zimekauka. "Baba Achieng'," akaniita kutoka chini, bila hasira, na hapo ndipo unajua kosa ni kubwa. Nilifua tena mashuka mawili. Tangu siku hiyo nakagua mpini kabla ya kushika: ukiona mstari mweupe pale plastiki inapopinda, mtungi huo ni wa maji ya kumwagilia sukuma wiki tu.

Umbali wa mzigo kutoka mwilini nao hubadilisha kila kitu. Shika pakiti ya unga kifuani, na unaweza kuishika taarifa yote ya habari ikaisha. Inyooshe mbele kwa mkono mmoja, na mkono utaanza kutetemeka kabla vichwa vya habari havijamalizika. Unga ni uleule. Ulichorefusha ni wenzo, kama anayeshika jembe kwa ncha ya mpini. Kwa hiyo mtu mwenye pakiti mbili tu za unga anaweza kuyachosha mabega yake barabara, na mtu huyohuyo anayeinua mtungi wa lita 20 akiwa ameuacha mbali na miguu anaweza kuuchosha mgongo kwa njia asiyoitaka. Usogelee mzigo, chuchumaa, uukumbatie karibu na tumbo, simama kwa miguu.

Sasa swali la pili: vitu vya nyumbani vinashindwa wapi?

Kwa mikono na mabega vinachukua muda mrefu kushindwa. Kwa kifua hata huvihitaji, kwa kuwa una pushapu. Katika pushapu ya kawaida mikono husukuma takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anasukuma zaidi ya kilo 40, yaani mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa, bila kuchota hata tone. Anayeona ni ngumu aweke mikono juu ya meza imara, mzigo utapungua sana. Anayeona ni rahisi aweke miguu kwenye stuli.

Miguu ndiyo inayoleta taabu. Imezoea kukubeba tangu utotoni. Ukichuchumaa na kusimama, tayari inanyanyua sehemu kubwa ya mwili wako, kwa hiyo kuiongezea kilo 5 ni kama kumpa mwenye bodaboda fungu la mboga juu ya abiria wawili: hata hageuki kutazama. Watu wengi wanaofanya tizi nyumbani huachia hapa, wakabaki na mikono ya simba na miguu ya korongo. Dawa ya kwanza haina gharama: tumia mguu mmoja. Panda ngazi au kiti kigumu kwa mguu mmoja, shuka polepole, rudia. Mguu huo sasa unabeba peke yake mzigo uliokuwa unagawanywa kwa miwili. Ukishazoea, vaa begi la shule lililojaa pakiti za unga. Pakiti tano ni kilo 10, na zimekaa karibu na mgongo, mahali pazuri kuliko mkononi. Ukilizoea na hilo, chukua gunia jembamba la mchanga, lifunge ndani ya gunia lingine ili lisimwagike, lilaze begani.

Mgongo wa juu ni tabu ya pili, kwa sababu unahitaji kuvuta, na nyumba zetu hazina vitu vingi vya kuvutwa. Inama, weka mkono mmoja kwenye kiti, kwa mwingine vuta mtungi kutoka sakafuni mpaka ubavuni. Lita 15 hapo ni kazi ya kweli hata kwa mwanamume mwenye nguvu. Au nenda kwa mwenye duka la baiskeli ununue blada, zile raba za tyubu kuukuu tunazofungia mizigo. Uzuri wa blada ni kwamba kadiri inavyonyooka ndivyo inavyozidi kukataa. Ubaya wake ni kwamba hukatika bila kuaga. Ifunge kwenye nguzo, ikague kama ina nyufa, na usiivute kuelekea usoni. Jicho halina spea.

Basi anunue chuma nani? Mimi nawapa watu ishara mbili. Ya kwanza ni pale mtungi uliojaa unapovutwa marudio 30 na ukingo hujauona. Kisayansi bado unaweza kuendelea mpaka 40, lakini hapo zoezi linakuwa la kuvumilia kuchoshwa na hesabu. Ya pili ni pale kiganja kinapokuangusha kabla ya msuli ulioukusudia: mpini wa plastiki unakata vidole, unaacha seti wakati mgongo una marudio kumi zaidi. Mpini wa chuma ni mviringo, mnene, unajaa mkononi. Kusema kweli, ukinunua chuma sehemu kubwa ya unachonunua ni mpini.

Zaidi ya hapo ningeongeza sharti la muda. Fanya na mtungi kwa miezi mitatu kwanza. Najua nyumba, sitaitaja, ambako jozi ya dambeli nzuri za kilo 10 sasa inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa ziwa. Inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Ukiamua kununua, kumbuka vyuma huuzwa kwa hesabu ya kilo. Tuseme umeambiwa shilingi 300 kwa kilo: jozi ya kilo 10 ni 6,000, kabla hujauliza baa, ile fimbo ya chuma inayovishwa uzito. Kwa hiyo usipoteze pesa kwenye uzito ambao nyumba yako tayari inao. Vile vyuma vidogo vya rangi ya waridi vya kilo moja moja ni chupa mbili za maji zilizovalishwa vizuri. Nunua pale nyumba inapoishia: baa fupi yenye sahani za chuma zinazotolewa na kuongezwa, ukikagua kwamba kufuli za kwenye ncha zake zinakaza kweli, au chuma kimoja kizito chenye mpini juu kama wa birika, kile wanachokiita ketelbeli. Hicho cha mwisho kina asili itakayomfurahisha kinyozi. Kilitoka Urusi, kilikotumika sokoni kama jiwe la mizani la kupimia nafaka, kikihesabiwa kwa pudi, kipimo cha zamani cha kilo 16 na kidogo. Ndiyo maana hadi leo za kawaida ni kilo 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, mbili. Wauza nafaka wakaanza kushindana nani atanyanyua jiwe, na leo linauzwa kwenye maduka yenye vioo. Kifaa cha "kitaalamu" kilikuwa cha sokoni tangu mwanzo.

Njia ya katikati ni simiti ya mikebe. Inafaa, kwa tahadhari moja: mikebe miwili iliyojazwa kwa macho haiwi na uzito sawa, na ukiiweka pande mbili za bomba moja utakuwa unajenga bega la kushoto na la kulia kwa ratiba tofauti. Ibebe kwanza mpaka kwa muuza mahindi pale sokoni Kibuye, uombe mizani. Atakucheka, kisha atakupimia. Fundi wa kuchomea naye anaweza kukutengenezea mpini kwenye kipande cha chuma chakavu. Mwambie asage kingo zote, hata ile ya chini usiyoiona.

Mengine yanayosemwa nayapitia haraka. Mwanamke hanyanyui mtungi akaamka na mwili wa mwanamume. Homoni inayofanya kazi hiyo anayo kwa kiasi kidogo sana, na hata wanaume wenye nayo tele wanahangaika miaka. Mafuta ya tumbo hayageuki msuli, kama vile chumvi haigeuki sukari. Ni vitu viwili, kimoja hupungua na kingine hukua. Kuumwa kesho yake si risiti kwamba umejengeka, ni dalili tu kwamba umefanya usichokizoea. Na chakula cha kujengea si lazima kitoke kwenye kopo: omena, maharagwe, ndengu na mayai vina protini pia.

La presha sitalipitia haraka. Ukibana pumzi unaponyanyua kizito, shinikizo la damu hupanda ghafla. Kwa hiyo toa pumzi unapopandisha, vuta unaposhusha, hesabu kwa sauti kama unasahau, maana huwezi kuhesabu kwa sauti na kubana pumzi wakati mmoja. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ngiri, mjamzito au aliyetoka kupasuliwa azungumze na daktari kabla hajagusa mtungi au chuma. Kwa wengine wote, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa kasi au mfano wake. Siku mbili. Kila sehemu ya mwili seti mbili au tatu, siku ya mapumziko katikati, na daftari la kuandika ulichofanya.

Daftari hilo ndilo lililonifundisha udhaifu mkubwa wa vifaa vya nyumbani: vina kazi nyingine. Wiki mbili mfululizo niliandika kwamba nimekuwa na nguvu kwa namna ya ajabu, kumbe watu walikuwa wanachota lita nne za kuosha vyombo kila asubuhi kabla sijaamka. Sasa mtungi wa tatu kutoka dirishani una alama ya X na gundi kwenye kifuniko. Maji yakikatika Migosi wanautazama, wananitazama mimi, na kufikia siku ya pili naufungua mwenyewe.